Kabla ya bei, nionyeshe firigo

Siku hizi nikiingia kwa daktari wa mifugo nisiyemjua, jambo la kwanza ninaloomba ni kuona firigo yake. Namsalimia, nampa pole ya kazi, kisha nauliza: "Dokta, chanjo munaziweka wapi?" Mwenye firigo ya kazi hufungua mlango papo hapo. Ndani unaona vichupa vimepangwa, kipimajoto kimelazwa katikati, na mlangoni pamebandikwa karatasi yenye digrii za asubuhi na za jioni. Nikikuta soda, nyanya na samaki wa mchana vimesongamana na vichupa hivyo, nashukuru na kuondoka na mbwa wangu.

Mwanzoni watu wa nyumbani waliniona sina adabu. Shangazi yangu alisema munganga hakaguliwi. Namheshimu shangazi, lakini katika jambo hili nimekataa kumsikiliza, na nina sababu.

Chanjo karibu zote za mbwa na paka hutakiwa kukaa kati ya digrii 2 na 8 tangu zinapotoka kiwandani hadi zinapoingia kwenye sindano. Chanjo ya parvo na ya distempa, magonjwa mawili ya mbwa, ina virusi hai waliodhoofishwa. Joto likiwaua, kinachobaki ni maji. Ya kichaa cha mbwa hutengenezwa kwa virusi waliokufa, nayo huvumilia zaidi kidogo, ila ikiganda barafu huharibika vilevile. Kichupa hicho kimesafiri mbali, kimepita mipaka, kimengoja kwenye karatasi za forodha, kimeshuka mjini, kisha kimekabidhiwa kwa umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa. Sisi wakazi wa Lubumbashi hatuhitaji kuelezwa habari za umeme huo. Ukikatika kwa muda wa saa nane, na firigo ni ile ya nyumbani inayofunguliwa kila dakika, nani anajua kilichomo ndani kimepata joto kiasi gani? Chanjo iliyoharibika haibadiliki rangi wala haitoi harufu. Daktari anachoma, unalipa, kaye, yaani kijitabu cha chanjo, inapigwa muhuri, na mbwa anarudi nyumbani bila kinga yoyote. Umenunua muhuri tu.

Nilikuwa na mbwa mdogo, mwekundu kama jiwe la shaba, na ndilo jina tulilompa: Shaba. Alifika kwetu Katuba akiwa na miezi miwili, tumbo kubwa, macho ya kuuliza. Bwana mmoja aliyejulikana mtaani kama veterinere akaja nyumbani na mfuko begani. Ilikuwa Oktoba, mwezi ambao hata kivuli cha mwembe hapa kwetu kina joto. Alitoa kichupa kilichofungwa kwenye gazeti, akachoma sindano moja, akaandika kitu kwenye kaye, akasema: "Papa, hii imekwisha, hakuna ugonjwa tena." Tulimlipa kwa furaha.

Mwezi mmoja na nusu baadaye Shaba alikataa chakula, akatapika povu la manjano, na usiku ule akaanza kuhara damu yenye harufu ambayo mtu akiisikia mara moja haisahau. Bwana yule aliitwa. Alikuja siku tatu mfululizo, kila siku sindano, na hakuna hata moja aliyotaja jina lake. Siku ya nne dada yangu alituelekeza kwa daktari mwingine, upande wa pili wa mji. Daktari huyo alimpima, akabonyeza fizi zake, akamwekea serumu, maji ya mshipani, akatuambia ukweli: parvo, na mmechelewa. Shaba alikufa usiku wa pili.

Daktari yule alikaa nasi nusu saa akitueleza, na maelezo hayo ndiyo yaliyobadilisha namna ninavyotumia pesa za mbwa. Ugonjwa wa parvo ulianza kujulikana kwa mbwa mwaka 1978. Virusi vyake hushambulia utumbo, na watoto wa mbwa wa wiki sita hadi miezi minne ndio wanaokufa zaidi. Hukaa kwenye udongo miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, na sabuni ya kawaida haiviui. Javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo, ndiyo inayoviua, sehemu 1 ya javeli kwa sehemu 30 za maji. Kwa hiyo ukimleta mbwa mwingine kwenye lupango (ua) hilo hilo baada ya mwezi, unamleta kwenye kaburi la mwenzake.

Kisha akaeleza kwa nini sindano moja haitoshi. Mtoto wa mbwa hupata kinga kwenye maziwa ya mama. Kinga hiyo humlinda, lakini pia huizuia chanjo isifanye kazi, na huisha kwa kila mmoja kwa wakati wake: mwingine wiki ya nane, mwingine ya kumi na nne. Daktari hawezi kuiona kwa macho. Ndiyo maana chanjo huanza kwenye wiki ya 6 hadi ya 8, hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4, na haikomi kabla ya wiki ya 16. Anayechoma mara moja na kusema imekwisha, hata kama kichupa chake kilikuwa baridi, amekuachia mlango wazi. Sisi tulikuwa na makosa yote mawili kwa pamoja, la joto na la sindano moja, na pesa tulizotoa kwa serumu, dawa za kuzuia kutapika na taksi za usiku zingetosha chanjo za mbwa huyo kwa miaka mingi.

Basi hoja yangu ni hii. Mtu wa mfuko mdogo, kama tulivyo wengi, anapaswa kumtafuta daktari wakati mbwa ni mzima, na bei anayopaswa kuiuliza ni ya mwaka mzima. Tunafanya kinyume. Tunamtafuta daktari saa tano usiku mbwa akiwa anatetemeka, na wakati huo hatuna nafasi ya kuchagua wala nguvu ya kupatana bei.

Kuchagua nako kuna ugumu wake hapa mjini, kwa sababu neno veterinere linabeba watu wa namna tatu. Yuko A2, aliyemaliza shule ya sekondari ya ufundi wa kilimo na mifugo, zile tunazoziita ITAV. Yuko aliyesoma miaka mitatu ya graduat. Na yuko daktari kamili, ambaye katika mfumo wetu wa zamani alisoma miaka sita chuo kikuu. Lubumbashi ina bahati ambayo miji mingi ya Kongo haina: kitivo cha tiba ya mifugo cha UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kiko hapa hapa, na madaktari waliotoka humo wametawanyika nchi nzima. Lakini mtaani wote watatu wanaitwa dokta, wote wana mfuko na sindano, na bei zao wakati mwingine zinafanana.

Sitaki mtu asome hapa kwamba A2 hafai. Nawafahamu walio na mikono mizuri kuliko wenye digrii, watu waliochanja, waliotoa minyoo na kuhasi mbuzi maelfu. Kwa chanjo ya kawaida yenye firigo safi, kwa dawa ya minyoo, kwa kidonda kidogo, A2 mwaminifu aliye karibu na nyumba ni hazina, na gharama yake huwa nafuu. Tatizo linaanza pale anapokubali kila kazi. Kumfunga uzazi mbwa jike ni kupasua tumbo. Kunahitaji dawa ya usingizi iliyopimwa kwa kilo, vyombo vilivyochemshwa au kupikwa kwa mvuke, na mtu wa pili anayemwangalia mbwa anavyopumua wakati wa kwanza anashona. Ukiambiwa "tutafanya hapa barazani, papa, ni dakika ishirini," mshukuru na ufunge geti.

Swali ninalolipenda kuliko yote, baada ya lile la firigo, ni hili: "Dokta, ugonjwa gani ukikujia hapa unaupeleka kwa mwenzako?" Anayejibu kwa majina, kwamba mfupa uliovunjika anampeleka kwa fulani, jicho kwa fulani, huyo nampa imani yangu. Anayesema anatibu yote, simrudii. Ongeza swali la pili: ametibu mbwa na paka wangapi mwezi huu? Maana masomo na kazi za mifugo hapa kwetu zimeelemea ng'ombe, nguruwe na kuku, na hilo ni sawa kabisa kwa nchi inayohitaji nyama na mayai. Lakini mkono uliozoea ng'ombe wa kilo 300 unahitaji kujifunza upya mbele ya paka wa kilo 3.

Paka hasa wanaumia. Paka si mbwa mdogo. Ini lake haliwezi kuivunja parasetamoli. Kidonge kimoja cha binadamu chatosha kumuua. Dawa ya kupe yenye permetrini, inayopakwa mbwa bila shida, humtia paka degedege. Nimewahi kuona mtu mwema, mwenye mapenzi ya kweli kwa paka wake, akimpaka dawa ya ng'ombe kwa sababu duka la dawa za mifugo lilimwambia kupe ni kupe.

Daktari mzuri unamtambua pia kwa mambo madogo anayoyafanya kabla ya kugusa sindano. Anapima uzito. Anapima joto; la mbwa mzima huwa kati ya 38 na 39.2, kwa hiyo mbwa "wa moto" kwa kiganja chako huenda hana homa kabisa. Anaangalia fizi, anazibonyeza kwa kidole na kuhesabu: rangi ya waridi irudi ndani ya sekunde mbili. Anauliza mbwa anakula nini, analala wapi, lini alikunywa dawa ya minyoo. Kisha anaandika kwenye kaye jina la dawa, kipimo na tarehe, kwa mwandiko unaosomeka na daktari mwingine. Mfuasi wa ile tabia ya sindano tatu zisizo na majina anakunyima kitu kikubwa: siku ukihamia kwa mwingine, huyo mpya anaanza gizani, na wewe unalipa giza hilo.

Sasa bei. Ninapomkubali daktari, naomba tukae dakika kumi tuhesabu mwaka mzima wa mbwa wangu kwenye karatasi. Chanjo ya kila mwaka. Dawa ya minyoo kila miezi mitatu kwa mbwa mkubwa, na mara nyingi zaidi kwa mtoto wa mbwa. Kinga ya kupe, ambayo hapa kwetu inahitajika zaidi tangu mvua za Novemba hadi Aprili, kwa sababu kupe wa mbwa huleta homa zinazokula damu, na mbwa mwenye homa hizo hugharimu kuliko dawa ya kupe ya misimu kadhaa. Jumla ikipatikana, naigawa kwa miezi kumi na miwili. Kiasi kinachotoka huwashangaza watu. Ni kidogo kuliko walivyoogopa, na kinaingia kisandukuni bila kuvunja bajeti ya unga. Juu yake naongeza kidogo cha dharura, kisichoguswa hata kwa harusi.

Hesabu hii inasaidia pia kujua uzito halisi, na uzito ni pesa. Vidonge vya minyoo hutolewa kwa kilo. Usiposema uzito unaouhakikisha, unanunua vya ziada au unampa pungufu. Nyumbani napanda mzani nikiwa nimembeba mbwa, kisha napanda peke yangu: 71 kutoa 52 ni 19, kwisha. Wasio na mzani wa kupanda wanaweza kumpima mtoto wa mbwa kwenye mzani wa muuza unga, ndani ya kikapu chenye kitambaa safi.

Vitu vya kupunguza vipo, na daktari mwaminifu atakuambia mwenyewe. Sindano za vitamini kila mwezi kwa mbwa anayekula vizuri ni za kupunguza. Shampuu za manukato pia. Vyakula vya mifuko vinavyouzwa kwenye supamaketi za mjini ni vizuri, lakini mbwa wa bukari (ugali), samaki, mboga na mafuta kidogo anaishi na kuzeeka vizuri, mradi unga ni mzima. Hapa nasimama kidogo, kwa sababu nyumba nyingi zina desturi ya kumwekea mbwa ule unga uliovunda ambao watu wameukataa. Mahindi yenye ukungu hubeba sumu iitwayo aflatoksini, inayoharibu ini, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaoumizwa nayo haraka. Unachokiona ni mbwa aliyeacha kula, macho yamekuwa manjano. Unga ulioharibika ni wa kutupwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa vilevile, kwa kuwa hupasuka vipande vikali, na mabaki yenye vitunguu vingi, maana kitunguu huvunja chembe nyekundu za damu.

Duka la dawa za mifugo nalo lina hatari yake. Ivomeki ya ng'ombe, dawa ya sindano ya minyoo na wadudu, imepimwa mililita 1 kwa kilo 50. Mpimie mtoto wa mbwa wa kilo 3 kwa sindano ile ile ya kuchomea ng'ombe, na tofauti ya mkono kutetemeka kidogo tayari ni mara kadhaa ya kipimo. Mbwa wa ukoo wa collie na jamaa zake wachungaji wengi wao hubeba kasoro ya kurithi inayoifanya dawa hiyo iingie ubongoni, na mbwa wetu wa mtaani ni mchanganyiko ambao hakuna ajuaye babu zake. Kununua dawa bila daktari kunaonekana rahisi kwa sababu risiti ni moja. Risiti ya pili huja baadaye.

Niseme pia neno kwa upande wa madaktari, maana nimekaa kwenye mabenchi yao vya kutosha. Dawa wanazotumia hununuliwa kwa dola na nyingi hupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Jenereta inayoilinda ile firigo ninayoikagua inakunywa mafuta kila umeme unapokatika. Tukitaka firigo baridi, tukubali kwamba baridi hiyo ina bei, na daktari anayetoza nusu ya wenzake huenda amepunguza mahali fulani. Kinachofaa ni kuzungumza mapema, kwa heshima: "Dokta, tuanze na kipi leo, na kipi kinaweza kungoja mwisho wa mwezi?" Wengi hupanga. Wengine hukubali kulipwa mara mbili au tatu. Deni hilo lilipwe kabla ya deni la duka, kwa sababu ni mtu atakayepokea simu yako usiku.

Kuna jambo moja lisilongoja mwisho wa mwezi wala kupunguzwa, nalo ni kichaa cha mbwa, raji kama wengi wanavyoiita hapa.

Mwaka juzi, kwenye avenyu yetu, mbwa wa jirani alimng'ata mtoto wa miaka saba mguuni. Mbwa hakuwa na kaye. Alikuwa mbwa wa ulinzi, amefungwa mchana, anafunguliwa usiku, na mwenyewe aliona chanjo ni mambo ya watu wa Golf, mtaa wa matajiri. Wazee walileta jiwe jeusi wakalibandika kwenye jeraha. Saa zilipita. Aliyejua la kufanya alifika jioni, akamwosha mtoto kwa maji mengi na sabuni dakika kumi na tano, jambo lililopaswa kufanywa palepale. Kisha ikaanza safari ya kutafuta chanjo ya mtoto mjini, kituo hiki hakuna, kile hakuna, mahali pengine ipo na bei yake. Mama wa mtoto huuza unga sokoni. Mtaji wake wote uliingia kwenye sindano zile na nauli za kwenda na kurudi, siku ya kwanza, ya tatu, ya saba, na zilizofuata. Mtoto yuko mzima, Mungu ashukuriwe. Mama alikaa miezi bila meza yake sokoni, na mpaka leo hawasalimiani na mwenye mbwa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia. Karibu wote, asilimia 99, huambukizwa na mbwa. Wanne kati ya kila kumi wanaopata jeraha la mnyama anayeshukiwa ni watoto wasiofikisha miaka 15. Dalili zikishaanza kwa binadamu, hakuna dawa. Kilichobaki ni kifo. Shirika hilo hilo linakadiria gharama ya kumkinga mtu mmoja baada ya kung'atwa kuwa dola 108 kwa wastani. Mtu asiyemchanja mbwa wake kwa kuokoa pesa hajaziokoa. Amezihamishia kwa mtoto wa jirani.

Chanjo hiyo huanza mbwa akiwa na miezi mitatu, hurudiwa baada ya mwaka, na baadaye kwa kadiri ya chapa ya chanjo na ushauri wa daktari. Na ikitokea mbwa mzima mwenye kaye akamng'ata mtu, kaye ile inasaidia pande zote: mbwa anafungwa, anaangaliwa siku kumi, na daktari anaweza kusema jambo la uhakika. Asiuawe siku ile ile na kuzikwa, kama tunavyofanya kwa hasira. Na mtoto asisubiri mbwa amalize siku zake. Jeraha lioshwe na hospitali ifikiwe kwanza.

Wataalamu wanasema ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa mahali, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Nimeifikiria namba hiyo mara nyingi nikitembea avenyu yetu. Mbwa saba kwa kila kumi. Si kazi ya nyumba moja, na mbwa wangu mwenye kaye nzuri hamlindi mtoto dhidi ya mbwa wa geti la tatu. Tukio lile la mama wa unga ndilo lililotufanya tuanze likelemba, mchango wa pamoja wa kila mwezi, ya mbwa.

Likelemba kila mtu hapa anaijua. Ndiyo iliyojenga nyumba na kulipa karo. Ya kwetu ina nyumba tisa, mbwa kumi na wanne na paka watatu. Kila nyumba hutoa kiasi kile kile kila mwezi, na mwenye nafasi ndogo hutoa nusu na kusaidia kazi siku ya chanjo. Mama mmoja, mwalimu mstaafu, anaandika daftari. Mwezi wa chanjo tunamwita daktari mmoja, tuliyemchagua pamoja baada ya kumtembelea na kuona firigo yake. Anakuja na kisanduku cha barafu, anachanja wote asubuhi moja, anapima uzito, anagawa dawa ya minyoo. Nauli yake ni moja badala ya tisa. Kichupa chenye dozi kumi kinaisha siku ile ile kilipofunguliwa, hakibaki kikipata joto kikingoja mteja. Kwa hiyo bei yake kwetu imeshuka, na yeye hapati hasara. Kilichobaki kwenye daftari ni cha dharura: nyumba yenye mbwa mgonjwa hukopa na kurudisha taratibu. Uswidi na Uingereza watu hulipia bima ya mbwa kwenye makampuni. Hapa tuna daftari la mama mwalimu, na kwa miaka miwili hii limetosha.

Limetosha hata kwa kazi kubwa. Majike wanne wamefungwa uzazi kwa pesa hizo, wawili wawili ili daktari aandae vyombo mara moja. Hilo limepunguza watoto wa mbwa wanaotupwa kwenye majalala, na limepunguza mbwa dume wanaopigana mbele ya mageti. Daktari alituambia pia kwamba jike asiyefungwa anaweza kupata usaha kwenye mji wa mimba akizeeka, na kwamba mbwa wanaozurura huambukizana uvimbe wa sehemu za siri wanapopandana. Tumeuona uvimbe huo kwa mbwa mmoja wa avenyu. Unatibika kwa sindano za kila wiki, lakini wiki hizo ni nyingi na dawa ni ghali.

Lipo na suala zito ambalo likelemba haiwezi kulimaliza. Mbwa mzee wa nyumba ya sita alipata uvimbe wa tumbo. Watoto walitaka afanyiwe upasuaji. Pesa zingeweza kupatikana kwa kukopa kila mahali. Daktari alikaa nao akasema wazi: upasuaji utampa wiki chache za maumivu. Alipendekeza alazwe usingizi, apewe sindano ya mwisho, akiwa amelala kwenye mkeka wake. Baba wa nyumba alilia mbele za watu. Naamini daktari yule alitenda haki, na namheshimu zaidi kwa kukataa pesa ambazo angeweza kuzipokea. Ukiwa unatafuta daktari, tafuta huyo.

Jumamosi iliyopita ilikuwa siku ya chanjo. Daktari alifika saa mbili, akaweka kisanduku chake kivulini chini ya mwembe, akatuonyesha kipimajoto kabla hatujauliza: digrii 5. Tulipofika mbwa wa kumi na mmoja, geti la tatu likafunguliwa. Jirani yule, ambaye mbwa wake alimng'ata mtoto, alitoka akiwa amemshika mbwa kwa kamba mpya. Hakusema neno. Akasimama mwisho wa foleni, nyuma ya mama muuza unga aliyekuwa amembeba paka wake ndani ya gunia la mchele. Mama aligeuka akamtazama, kisha akasogea kidogo ili mbwa apate kivuli.